Kahawa ya moto, uraibu na saratani ya koo: tuwaamini vipi watafiti wanaobadili kauli?

Mwana wa Langoni (mleta uzi)
Asalamu aleikum, wanajamvi. Mtaani kwetu tumezika mzee mwingine aliyefariki kwa saratani ya koo, na tangu matangani hadi leo mazungumzo ni hayohayo: ni nini kinachotumaliza? Kijana mmoja alisema kahawa ya moto ndiyo chanzo, na wazee wa baraza wakamkemea. Nimelifuatilia jambo hili na nimekuta kwamba mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema huenda kahawa ikasababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 shirika hilohilo likasema ushahidi hautoshi kuihukumu kahawa, na papo hapo likatangaza kwamba kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kinaelekea kusababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa miaka 25 kahawa ilikuwa mshukiwa, kisha ikaachiwa, kisha joto lake likashtakiwa. Dai langu ni kwamba mtu wa Lamu hana sababu ya kuwasikiliza watu hawa mpaka wakubaliane wao kwa wao. Anayeona vingine anieleze kwa hoja.

Muuguzi wa Mokowe
Waaleikum salaam, ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Kuna sababu ya kauli ile kubadilika. Katika tafiti za zamani, wengi wa wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa pia wavutaji wa sigara, na sigara inajulikana kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Tafiti zilipokuwa nyingi na wavutaji wakatenganishwa na wasiovuta, uhusiano wa kahawa na kibofu ukadhoofika. Mimi naona huko ndiko kufanya kazi vizuri, kwa sababu mtu mkaidi angeng'ang'ania kauli yake ya 1991.

Jambo la pili ambalo magazeti hayalielezi ni kwamba makundi ya shirika hilo hupanga uzito wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Nyama iliyosindikwa, kama soseji, iliwekwa mwaka 2015 katika kundi la kwanza, ambamo sigara imo pia, na watu wakaandika kwamba soseji ni sawa na sigara. Maana yake ilikuwa tu kwamba watafiti wana uhakika uleule kuhusu vyote viwili. Kuhusu ukubwa, walisema gramu 50 za nyama hiyo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Tuseme kati ya watu 100 wasiokula, 5 wangeipata maishani mwao: kwa wanaokula kila siku wangekuwa karibu 6. Asilimia 18 inatisha, lakini kutoka 5 hadi 6 mtu anaweza kukaa akalipima jambo lake.

Dele la Mkunguni
Mimi ni muuza kahawa, na baba yangu aliuza kabla yangu. Naomba wanaoandika kuhusu nyuzi 65 waelewe tunavyokunywa huku. Dele hukaa juu ya makaa, kwa hiyo kahawa haipoi tangu alasiri hadi baada ya isha. Lakini kikombe chetu ni kidogo cha kauri kisicho na mkono, mtu hukishika kwa ncha za vidole, na kama kinamuunguza vidole hawezi kukipeleka mdomoni. Akishakipeleka huvuta kidogo kidogo pamoja na hewa, na hiyo hewa huipoza. Baba yangu aliinywa kahawa yake maisha yake yote, na alipofariki akiwa mzee sana koo lake halikuwa na tatizo lolote.

Mpishi wa Shela
Ndugu Dele, nililijaribu jambo hili kwa kipimajoto cha jikoni tunachopimia nyama, kwa kuwa kile cha homa huishia nyuzi 42. Kahawa niliyomimina kutoka kwenye dele ilisoma zaidi ya 65 ilipoingia kikombeni, na ikashuka chini ya hapo upesi kwa sababu kikombe ni kidogo na kauri yake ilikuwa baridi. Chai ya maziwa katika kikombe kikubwa cha bati ilikaa juu ya 65 kwa muda mrefu zaidi. Kama joto ndilo tatizo, chai ya asubuhi ichunguzwe kabla ya kahawa ya barazani.

Mwalimu wa Hesabu, Malindi
Namuunga mkono Mpishi, ila naomba tuiache kando hoja ya baba wa Ndugu Dele, kwa heshima zote. Utafiti uliofanywa Golestan, kaskazini mashariki mwa Irani, ulifuatilia watu 50,045 kwa takriban miaka kumi, na watafiti walipima joto la chai waliyokunywa badala ya kutegemea kauli zao tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, katika joto la nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari ya saratani ya umio iliyozidi kwa asilimia 90 ile ya wenzao waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Sasa tazameni upande wa pili: katika watu wote hao 50,045, waliopata saratani ya umio ya aina iliyokuwa ikichunguzwa walikuwa 317, yaani kama 6 kati ya 1,000, na hili ni eneo linalojulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huo.

Kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai ya moto maisha yake yote na asiugue, na hilo lisipinge utafiti hata kidogo, kwa sababu hata palipo na hatari kubwa walio wengi hawaugui. Vivyo hivyo, kifo cha mzee wa Langoni hakithibitishi kwamba kahawa ilimuua.

Dele la Mkunguni
Mwalimu, watu wa Malindi mmezoea kapuchino za Waitaliano, ndiyo maana mnatutazama kwa mbali. Hata hivyo hoja yako nimeielewa, na nashukuru.

Binti Faza
Naomba niseme ya kwetu. Baba alianza kwa kulalamika kwamba ugali unakwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Zahanati tuliyokwenda walisema ni vidonda vya tumbo na wakampa dawa za asidi, tukazitumia mwezi baada ya mwezi. Ugali ukamshinda, kisha wali, kisha ukabaki uji mwepesi, na alipopelekwa Mombasa kutiwa kamera kooni uvimbe ulikuwa umeziba njia karibu yote. Nilimuuliza daktari chanzo ni nini. Aliniuliza kama baba alivuta sigara, nikasema alivuta ujanani. Akauliza kuhusu uraibu wa tambuu na popoo, nikasema alitafuna. Chai ya moto? Kila siku. Moshi wa kuni? Jikoni kwetu hatukuwa na kingine. Akasema basi hawezi kunichagulia kimoja. Nilikasirika wakati ule, lakini nikisoma uzi huu naona kwamba alinijibu kwa ukweli kuliko wote waliotaka kunipa jibu la haraka.

Shungi la Siyu
Pole sana, dadangu, Mungu amrehemu mzee. Mimi nataka tuuzungumze huo uraibu ambao umetajwa ukapitwa, kwa sababu huliwa pia na mama zetu na hutolewa arusini kwa heshima. Wengi wanaamini kwamba madhara yako katika tumbaku tu, na kwamba jani la tambuu, popoo na chokaa bila tumbaku ni salama. Shirika lilelile la Lyon lilitangaza mwaka 2004 kwamba uraibu ni chanzo cha saratani ukiwa na tumbaku au usipokuwa nayo, na kwamba popoo yenyewe ni chanzo. Mdomo ndio unaotajwa kwanza, na umio umo pia. Ajabu ni kwamba mleta uzi na wazee wa baraza wanagombana juu ya kahawa, ambayo imeachiwa, na huku wameweka shavuni kitu ambacho ushahidi wake ni mzito zaidi.

Msomi wa Pate
Nimewasoma nyote, na bado mimi niko upande wa mleta uzi. Shaka hii wataalamu wenyewe wanayo. Mwaka 2005 Profesa John Ioannidis alichapisha hoja ya kwamba sehemu kubwa ya matokeo yanayochapishwa si ya kweli. Mwaka 2013 yeye na mwenzake Jonathan Schoenfeld walichukua viambato 50 vya kawaida kutoka kwenye kitabu cha mapishi, wakakuta kwamba 40 kati yake vimeandikiwa tafiti za kuvihusisha na saratani, ama kwa kuiongeza ama kwa kuipunguza. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba kampuni moja ya dawa ya Marekani ilijaribu kurudia tafiti 53 mashuhuri za saratani na ikafaulu kuyathibitisha matokeo ya 6 tu. Mtu akiniletea utafiti mmoja kutoka Irani na kuniambia nibadilishe chai yangu, kwa nini nisimuulize kama ni miongoni mwa zile 6 au zile 47?

Mwalimu wa Hesabu, Malindi
Ndugu Msomi, swali lako ni zuri, lakini umeunganisha mambo mawili. Zile 53 zilikuwa tafiti za maabara, za seli na panya, zilizokuwa zikitafuta njia ya kupata dawa. Kufuatilia watu 50,045 kwa muongo mzima ni kazi ya namna nyingine, yenye udhaifu wake mwingine. Na Ioannidis hakusema tusiamini chochote. Alieleza ni tafiti zipi za kutiliwa shaka zaidi: zilizo ndogo, zenye athari ndogo, na zile ambazo anayezifanya ana maslahi nazo.

Linganisha na sigara. Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao wa kwanza Uingereza mwaka 1950, na mwaka 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa huko, wavutaji na wasiovuta. Nchi nyingine zilipofanya tafiti zao, zikaona lilelile. Athari ilikuwa kubwa mno, na ilikua kadiri mtu alivyovuta zaidi.

Muuguzi wa Mokowe
Naongeza hapo kwa Mwalimu. Mnamo Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zililipia tangazo katika magazeti mengi zikisema kwamba madhara ya sigara hayajathibitishwa na kwamba zitagharamia utafiti zaidi. Miaka mingi baadaye ilipatikana hati ya ndani ya mwaka 1969 ya kampuni mojawapo, ikisema waziwazi kwamba shaka ndiyo bidhaa yao. Naomba Ndugu Msomi asinielewe vibaya, simtuhumu kwa lolote. Nasema tu kwamba shaka nayo ina historia yake na ina waliofaidika nayo, na watu walikufa wakati wakiambiwa wasubiri ushahidi kamili.

Mwana wa Langoni (mleta uzi)
Sasa mmenipa silaha yangu mwenyewe. Ikiwa kampuni zilinunua utafiti wakati ule, leo nani kazuia? Sisi wa Lamu hatuhitaji mfano wa Marekani. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliotakiwa kujengwa Kwasasi ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2016 kwa ripoti nene iliyosema madhara yatadhibitiwa. Wakati huohuo, tangu mwaka 2013, shirika la Lyon lilikwisha kuuweka uchafuzi wa hewa ya nje katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Wananchi walishtaki, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira likaifuta ile leseni. Kama tungeiamini ripoti kwa sababu imeandikwa na wataalamu, leo tungekuwa na bomba la moshi juu ya vichwa vyetu.

Shungi la Siyu
Lakini, ndugu yangu, wewe mwenyewe umeushika utafiti mmoja ili kuupinga mwingine. Umeliamini shirika la Lyon kuhusu moshi na umelikataa kuhusu chai.

Mwana wa Langoni (mleta uzi)
Nimeliamini pale ambapo halikuwa na cha kupata kutoka kwa mwenye mtambo.

Shungi la Siyu
Na katika chai lingepata nini?

Karani Mstaafu
Wanajamvi, mnajadili sababu kabla ya kuhakikisha hesabu. Nimefanya kazi ya kusajili vifo kwa miaka mingi, na nitawaeleza takwimu zinavyozaliwa. Mtu akifia hospitali, daktari huandika sababu kwenye fomu ya D1. Akifia nyumbani, kama wengi wa visiwani wanavyofia, naibu wa chifu hujaza fomu ya D2, na sababu anayoiandika ni ile anayoambiwa na jamaa: tumbo, homa, uzee. Maiti husaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo, kama dini inavyotuamuru, na hakuna anayechunguza zaidi. Mzee wa Langoni tunajua alikuwa na saratani kwa sababu alifika kupimwa, na wangapi hawakufika?

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalisema Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani takriban 42,000 na vifo takriban 27,000. Haya ni makadirio yaliyojengwa hasa juu ya rejista za Nairobi na Eldoret. Lamu imo ndani ya namba hizo kwa kukisiwa.

Mvuvi wa Kiwayu
Kwa hiyo inawezekana saratani haijaongezeka, bali waliokuwa wakifa kwa "tumbo" sasa wanafikishwa Mombasa na kupewa jina la ugonjwa. Tena watu wanaishi zaidi kuliko zamani, na saratani nyingi ni za uzeeni. Mimi naridhika na maelezo haya kuliko yale ya chai na popoo.

Kijana wa Watamu
Lakini KEMRI, ile taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, si wanahesabu vifo huku kwetu nyumba kwa nyumba tangu mwaka 2000? Takwimu za Malindi na Lamu zipo Kilifi, zitafutwe.

Mwalimu wa Hesabu, Malindi
Hapana, mdogo wangu. Hesabu ile ya nyumba kwa nyumba ni ya eneo la kilomita za mraba 891 linalozunguka hospitali ya Kilifi. Mji wa Malindi haumo, na Lamu iko mbali zaidi. Ni kweli kwamba katika eneo hilo wahojaji huwauliza jamaa dalili za marehemu ili kukadiria sababu ya kifo, lakini saratani za ndani ni vigumu kuzitambua kwa kusimuliwa tu.

Msomi wa Pate
Halafu tusisahau kwamba huko Kilifi kwenyewe watu waliwahi kuogopa kwamba damu inayochukuliwa ina matumizi mengine. Anayetaka kuaminiwa awaeleze watu damu yao ilikwenda wapi na ilionyesha nini.

Mama wa Hidabu
Naomba kuuliza jambo ambalo kwangu ni la haraka. Shuleni kwa binti yangu wameleta karatasi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Nakumbuka mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walivyoipinga chanjo ya pepopunda wakisema imetiwa kitu cha kuzuia uzazi, na serikali ikakanusha, na sisi tukabaki katikati. Nimwamini nani sasa?

Muuguzi wa Mokowe
Swali lako lina haki yote, mama. Saratani hii chanzo chake kinajulikana kuliko nyingi: ni virusi vya HPV, na aina mbili, ya 16 na ya 18, zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Kenya ilianza kuchanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Na utafiti wa kuonyesha kwamba dozi moja hukinga ulifanywa hapahapa Kenya, kwa wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, akiwemo Profesa Nelly Mugo miongoni mwa watafiti. Matokeo ya 2022 yalionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina hizo mbili.

Msomi wa Pate
Kinga dhidi ya maambukizi, dada Muuguzi. Saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, na ule ulikuwa muda wa miezi 18.

Muuguzi wa Mokowe
Ni sahihi, na ndiyo maana tunatazama waliotutangulia. Uingereza ilianza kuchanja mwaka 2008, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopewa chanjo wakiwa na miaka 12 na 13 saratani yenyewe ilipungua kwa asilimia 87. Mimi binti yangu amechanjwa.

Mkulima wa Witu
Mnazungumza ya visiwani na mjini tu. Huku kuelekea Tana watoto hukojoa damu kwa sababu ya kichocho, na wengine huona ni hali ya kawaida ya kukua. Kichocho hicho kikikaa miaka mingi bila kutibiwa kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na hili lilitangazwa tangu mwaka 1994. Dawa yake ipo, na ni vidonge tu. Tena kuna mahindi yaliyoota kuvu kwa kuanikwa vibaya: sumu yake iliua watu 125 Ukambani mwaka 2004, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwangu mimi haya ni makubwa kuliko kikombe cha kahawa.

Mwalimu wa Hesabu, Malindi
Nakubaliana, ila natahadharisha kuhusu kupima kila mtu kila kitu, kwa sababu najua mjadala utafika huko. Korea Kusini walipowapima watu wengi tezi ya shingo, saratani ya tezi iliyogunduliwa mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993, na vifo havikubadilika. Walikatwa tezi watu ambao ugonjwa wao usingewaua.

Binti Faza
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hilo ni tatizo la Korea. Soma namba za Karani: kwa kila wagonjwa wapya watatu nchini, vifo ni karibu viwili. Sisi hatuumizwi na kugunduliwa mapema mno. Baba yangu aligunduliwa akiwa hawezi kumeza mate yake.

Muuguzi wa Mokowe
Nyote wawili mna hoja, na inategemea ni saratani ipi. Kwa mlango wa kizazi kuna kipimo cha siki: muuguzi hupaka siki hafifu, husubiri dakika moja hivi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe mbele ya macho yake. Huko Mumbai, India, walifanya jaribio kwa wanawake takriban 150,000, na baada ya miaka 12 vifo vya saratani hiyo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31.

Msomi wa Pate
Nimeusoma utafiti huo. Vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua, lakini vifo vya jumla, vya sababu zote, havikuonyesha tofauti iliyo dhahiri. Mtu akifa kwa jambo jingine, amefaidika na nini?

Mwalimu wa Hesabu, Malindi
Ugonjwa huo ni sehemu ndogo ya vifo vyote, hivyo ili tofauti ionekane katika jumla ungehitaji wanawake wengi zaidi ya hao. Kutoonekana kwake hakumaanishi kwamba haipo.

Msomi wa Pate
Wala hakumaanishi kwamba ipo. Hapo ndipo nilipo.

Mama wa Hidabu
Dada Muuguzi, hicho kipimo cha siki kinauma? Na mwenye kupima ni mwanamke?

Muuguzi wa Mokowe
Hakiumi, mama, ila unaweza kuhisi muwasho mdogo. Unapofika, sema mlangoni kwamba unataka kupimwa na mwanamke. Ukikuta wa zamu ni mwanamume, una haki ya kuuliza mwenzake wa kike atakuwepo lini.